Desibeli za kihisi cha kamera: mara 20 au mara 10?

Pikseli imekusanya elektroni 10,000. Kelele ya fotoni, yaani kuyumba kwa bahati nasibu kwa idadi ya chembe za mwanga zinazofika, ni kipeuo cha pili cha idadi hiyo, yaani 100, kwa hiyo uwiano wa elektroni kwa kelele ni 100 kwa 1. Ukizidisha logi (ya msingi wa 10) ya uwiano huo kwa 20 unapata desibeli 40. Kwa 10, desibeli 20. Na picha ni ileile!

Hoja ya 10 ina uzito: elektroni huongezeka sawia na nguvu ya mwanga, na nguvu huhesabiwa kwa 10. Lakini kihisi hutoa volteji, nayo wahandisi wa umeme huizidishia 20. Kiwango cha EMVA 1288, cha kupima kamera na vihisi vyake, kinafuata njia hiyo, nami nasimama nacho. Kwa 20, uwiano ukiongezeka maradufu ni kama desibeli 6. Kwa 10, kama 3.