Tovuti Nzuri Isiyo na Fomu Yake: Uzoefu Wangu na Chombo cha Kujengea Tovuti Bila Msimbo

Chombo ninachokizungumzia hapa kinamwezesha mtu asiyejua kuandika msimbo kujenga tovuti kwa kuburuta vipande vya ukurasa na kuvipanga anavyotaka. Nimekitumia kujengea tovuti ya chuo kidogo cha ushonaji mjini Morogoro, ambako ninashughulikia udahili na mawasiliano na wazazi. Sitakitaja kwa jina, kwa sababu upungufu nitakaoueleza unavihusu vyombo kadhaa vya aina hiyo, na kwa sababu katika mambo mengine kimenitumikia vizuri. Upungufu wenyewe ni mmoja tu, nao ni kwamba hakina sehemu yake ya kutengenezea fomu.

Yanayostahili sifa nitayapitia haraka. Violezo vyake, yaani miundo ya kurasa iliyo tayari, vimetulia na havimlazimishi mtu kubomoa nusu ya mapambo kabla ya kuanza kazi. Kurasa zake ni nyepesi na hufunguka hata kwenye simu ya bei nafuu iliyo mahali penye mtandao hafifu. Kuunganisha kikoa chetu, yaani anwani ya tovuti, kulifanyika kwa maelekezo yaliyoeleweka, na bei ya kifurushi cha mwaka ni ya kuvumilika kwa taasisi ndogo. Mkuu wa chuo alipoiona tovuti alifurahi, kisha akauliza swali la msingi: mwanafunzi anaomba nafasi wapi?

Tovuti ya chuo haipo ili isomwe tu. Anayeifungua anataka kuandika jina lake, kuchagua kozi, kuacha namba ya simu na kuambatisha picha ya cheti cha kidato cha nne, nasi tunataka hayo yote yafike mahali pamoja yakiwa yamepangika. Tovuti isiyo na fomu yake ni duka lenye rafu zilizopangwa vizuri ambalo mnunuzi akitaka kulipa anaambiwa avuke barabara.

Watengenezaji wa chombo wanapendekeza njia tatu za kuziba pengo hilo, na nimezijaribu zote. Ya kwanza ni kiungo cha barua pepe, ambacho mtu akikibonyeza hufungua programu ya barua pepe kwenye kifaa chake. Kwa waombaji wetu njia hii haifai kitu, kwani wengi wana anwani ya barua pepe waliyofunguliwa siku waliponunua simu na hawajaitumia tangu hapo. Wakibonyeza kiungo, simu inawaomba nywila wasiyoikumbuka, na safari inaishia hapo. Ya pili ni kitufe cha WhatsApp. Hiki kinafanya kazi vizuri, na nitakuwa sitendi haki nikisema vinginevyo: watu wanakizoea mara moja na ujumbe unafika. Tatizo ni kwamba maombi yanakuja vipande vipande. Mmoja anaanza kwa salamu na kuuliza ada, mwingine anatuma picha ya cheti bila jina, wa tatu anatuma ujumbe wa sauti, na mimi ndiye ninayegeuka fomu, nikiuliza swali moja baada ya jingine na kunakili majibu kwenye daftari. Msimu wa udahili ukipamba moto, kazi hiyo inakula siku nzima.

Njia ya tatu, inayopendekezwa zaidi, ni kutengeneza fomu kwenye huduma nyingine na kuipachika ndani ya ukurasa kama kidirisha. Ukiitazama kwenye kompyuta utadhani tatizo limekwisha, lakini kwenye simu mambo hubadilika. Kidirisha kina urefu uliopangwa, na maswali yakizidi urefu huo, ukurasa unakuwa na sehemu mbili za kusogeza, moja ndani ya nyingine, kiasi kwamba mtu anayejaribu kushuka hadi kwenye kitufe cha kutuma anajikuta akiusogeza ukurasa wote badala ya fomu. Nikiongeza urefu ili uenee kwenye simu, kwenye kompyuta linabaki eneo jeupe chini ya fomu kama kwamba kuna kitu kimesahaulika. Rangi na aina ya herufi za fomu haziendani na za tovuti. Kitufe cha kutuma na ujumbe wa kumkumbusha mtu kujaza alipopasahau vimebaki kwa Kiingereza katika kifurushi cha bure cha huduma niliyoichagua, na mwombaji akishamaliza, anakaribishwa na tangazo la huduma hiyo likimshauri naye atengeneze fomu yake.

Lililotuumiza zaidi ni kuambatisha cheti. Huduma ya kwanza niliyoitumia ilimtaka mwombaji aingie kwenye akaunti kabla ya kupakia faili. Kwa mtazamo wa usalama sababu yake inaeleweka, maana faili zinazopakiwa na watu wasiojulikana ni mlango wa kila aina ya uchafu. Lakini binti wa Kilosa aliyeazima simu ya kaka yake hana sababu ya kuingia kwenye akaunti ya kaka yake ili kuomba nafasi ya kujifunza cherehani. Huduma ya pili haikudai akaunti, ila nafasi ya kuhifadhi faili ilikuwa ndogo, na kuipanua kuligharimu kwa mwezi karibu sawa na tunacholipia tovuti yenyewe. Hapo ndipo hesabu ya unafuu wa chombo inapovurugika: bei iliyotangazwa ni ya nusu ya kazi, na nusu nyingine inalipiwa kwingine.

Kuna mambo madogo pia ambayo hayaonekani mpaka mtu akae na majibu. Huduma nyingi za fomu hugawa jina katika sehemu mbili, la kwanza na la mwisho, ilhali vyeti vyetu vina majina matatu, na mwombaji akiacha la katikati inabidi nimpigie simu ili jina lake lilingane na la kwenye cheti. Namba za simu nazo, zikihamishiwa kwenye lahajedwali (jedwali la kompyuta la kupangia taarifa na kupigia hesabu), huchukuliwa kuwa tarakimu za kukokotoa, na sifuri ya mwanzo inadondoka. 0754 inageuka 754. Ni rahisi kurekebisha kwa anayejua, lakini mhasibu wetu aliwahi kutuma ujumbe wa ada kwa orodha nzima ya namba zisizokamilika na kushangaa kwa nini hakuna aliyejibu.

Jambo la mwisho kwenye upande wa lawama ni la kisheria. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na sheria hiyo inamtaka anayekusanya taarifa za watu ajisajili kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, aeleze anazikusanya kwa ajili gani, na azingatie masharti ya kuzisafirisha nje ya nchi. Taarifa zikipita kwenye kampuni ya tovuti, kisha kampuni ya fomu, kisha kampuni ya lahajedwali, kumweleza mzazi ni nani aliyeshika cheti cha mtoto wake kunahitaji aya nzima. Fomu ingekuwa ndani ya chombo chenyewe, mnyororo huo ungepungua pete moja au mbili, na maelezo yetu kwa waombaji yangekuwa mafupi na ya kweli.

Naelewa kwa nini watengenezaji wanasitasita. Fomu si jambo geni kwenye wavuti; zimo katika kiwango cha mwaka 1995 cha HTML 2.0, lugha ya kuandikia kurasa za wavuti, na kuchora visanduku vya kujaza ni kazi nyepesi. Ugumu unaanza baada ya mtu kubonyeza kitufe. Ukurasa unaojengwa na chombo hiki ni tuli, yaani seva inautoa kama ulivyo kwa kila anayeuomba na haipokei kitu. Fomu inadai seva inayopokea majibu, inayoyahifadhi, inayochuja takataka za roboti (programu zinazojaza fomu ovyo), na inayopeleka taarifa kwa barua pepe bila kuangukia kwenye folda ya barua taka. Hayo yote ni gharama na ni wajibu wa kudumu. Hata hivyo wengine wameyabeba: Wix, Squarespace na Webflow zina fomu zake ndani, na Carrd, ambayo ni chombo cha kurasa moja moja na cha bei ndogo, inatoa fomu kwa wanaolipia. Kwa hiyo sioni ubaya wa kuiweka fomu kwenye kifurushi cha juu. Ningeilipia bila kunung'unika.

Ninachokitaka si kikubwa. Nataka visanduku vya maandishi na vya kuchagua, sehemu ya kupakia faili isiyodai akaunti lakini yenye kikomo cha ukubwa na aina ya faili, namba ya simu inayohifadhiwa kama maandishi, ujumbe wote ninaoweza kuuandika kwa Kiswahili, na jedwali la majibu ninaloweza kulipakua na kulifuta msimu wa udahili ukiisha. Mantiki za kuruka maswali, alama za mitihani na michoro ya takwimu wanaweza kuziacha kabisa. Huduma za fomu zilizobobea zitaendelea kuwa na wateja wake.

Kwa anayetaka ukurasa wa kuonyesha kazi zake, mpiga picha au fundi seremala kwa mfano, chombo hiki kinatosha na kitufe cha WhatsApp kitamfaa. Kwa chuo, zahanati, au chama kinachosajili wanachama, ningeshauri atafute chenye fomu ndani hata kama violezo vyake havipendezi hivyo. Sisi tumebaki nacho hadi kifurushi cha mwaka kiishe, tukitumia fomu iliyofunguliwa kwenye ukurasa wake wenyewe kupitia kiungo badala ya kupachikwa. Kwenye simu njia hiyo imekuwa afadhali, ila mwombaji anatoka kwenye tovuti yetu na wengine hupiga simu kuuliza kama huko walikopelekwa ni kwetu kweli.