Uzoefu wangu: kozi ya ukufunzi wa ACLS hapa Dodoma

Wenzangu wengi wakishapata kadi ya ACLS (mafunzo ya juu ya kumwokoa mgonjwa ambaye moyo umesimama) hudhani ukufunzi, yaani kusomea kuwafundisha wengine, ni kwenda kuongezewa dawa na usomaji wa ECG (mchoro wa umeme wa moyo). Sivyo. Mnaingia darasani ikichukuliwa kwamba hayo mmeyamaliza: kifua kikandamizwe mara 100 hadi 120 kwa dakika, kina cha sentimita 5 bila kuvuka 6, adrenalini miligramu 1 kila dakika 3 hadi 5. Kama bado unayatafuta kwenye simu, subiri kwanza.

Nilipitia utaratibu wa American Heart Association, shirika la Marekani linalotoa kadi hizo. Uwe na kadi ambayo haijaisha muda, upate kituo cha mafunzo kilicho tayari kukupokea, usome sehemu ya mtandaoni, ndipo uhudhurie darasa. Halafu unafundisha huku mkufunzi mzoefu akikutazama.

Kilichonifanya nione fedha yangu haikupotea ni mazungumzo ya baada ya zoezi. Sisi wauguzi tumelelewa kwenye wodi ambako mdogo hamsahihishi mkubwa mbele za watu. Sasa daktari bingwa uliyemwamkia shikamoo asubuhi ameongoza timu yake, wakati wa kuangalia mapigo kifua kimeachwa zaidi ya sekunde 10, na wewe ndiye mkufunzi. Unamwambiaje? Tulifundishwa kutomkatiza, kisha kuuliza: "Daktari, timu ilikuwa inafanya nini mlipokuwa mkitafuta mapigo?" Ukinyamaza hapo (kunyamaza ndiyo kazi ngumu kuliko zote), mwenyewe atasema, "Tulichelewa kurudi kifuani." Hajaaibika, na nesi mdogo aliyekuwa akikandamiza amesikia kwamba siku nyingine anaruhusiwa kupaza sauti, "Sekunde 10 zimepita!"

Video zote ni za Kiingereza, lakini mazungumzo yetu yalikuwa ya Kiswahili na yalichangamka zaidi.

Upungufu upo. Masanamu ya kufanyia mazoezi yalikuwa machache, na kifaa cha kuonyesha kina kwenye mojawapo kilikuwa kibovu, kwa hiyo tulibaki kukadiria kwa macho. Ukumbi nao ulikuwa joto. Anayeujua mji huu mwezi wa kumi, kabla ya mvua, atanielewa. Visa vingi vya mazoezi ni vya mgonjwa wa moyo anayekimbizwa kwenye maabara ya kuzibua mishipa. Mtu wa kituo cha afya Kongwa atamkimbiza wapi? Bahati nzuri mkufunzi wetu aliturekebishia kisa kimoja: mama aliyetokwa damu nyingi baada ya kujifungua, moyo ukasimama, mashine inaonyesha umeme wa moyo lakini mapigo hakuna. Hapo mshtuko wa umeme hausaidii. Endelea na kifua, mpe adrenalini, zuia damu, rudisha ujazo wa damu mwilini. Darasa zima liliamka.

Jambo moja liulize kabla hujalipa. Kadi ya ukufunzi ni ya miaka 2, na ili iongezwe muda unatakiwa uwe umefundisha kozi zisizopungua 4. Aliye Dar es Salaam hakosi pa kufundishia. Wa Kondoa au Mpwapwa lazima asafiri, tena kwa ruhusa. Mimi ningeshauri hivi: mwajiri akikubali kukugharamia, usiishie kwenye ada. Mwombe na siku za kwenda kufundisha, akuandikie kabisa, maana ratiba ya zamu ikishabandikwa ukutani hakuna atakayekumbuka mlichoongea.