DIS au HLA: simuleta zako uziunganishe kwa ipi?
DIS na HLA ni viwango viwili vya kuunganisha simuleta ili zishiriki zoezi moja kwenye mtandao, na ubishi kati yao ni wa siku nyingi; HLA ilipata namba yake ya IEEE (chama cha wahandisi kinachotoa viwango), 1516, mwaka 2000. DIS (IEEE 1278, 1993) ni mtoto wa SIMNET, mtandao wa vifaru vya kuigiza wa jeshi la Marekani.

Kwa gharama, DIS inashinda bila jasho. Haina seva ya katikati wala leseni: kila mashine inarusha pakiti za UDP (data inayotumwa bila kungoja uthibitisho kwamba imefika), anayetaka anasikiliza. Pakiti ya hali ya kifaru huanzia baiti 144, na hata kikisimama tuli, kwa kawaida hutumwa upya kila sekunde 5. Katikati ya hapo wapokeaji wanakadiria wenyewe kilipofika, kwa mwendo wake wa mwisho. Pakiti ikipotea, inayofuata inaziba pengo. Na ukiwasha Wireshark, programu ya kuchungulia pakiti za mtandao, unaona kila kitu, raha tupu kwa fundi.

Shida ni wingi. Vifaru vikifika maelfu, kila kompyuta inachambua mapigano yasiyoihusu. Hapo HLA ndiyo mwenyewe: RTI, programu inayosimamia mawasiliano, hupeleka data kwa aliyeiomba, na huweza kuratibu saa ya wote. Lakini RTI nyingi zinauzwa, na za kampuni mbili kwa kawaida hazielewani.

Maabara ya chuo yenye mashine chache? Sioni sababu ya kuacha DIS. Mna modeli zinazokimbia kuliko saa ya ukutani? HLA. Wenye vyote viwili huweka geti, yaani programu ya kutafsiri, katikati na kuvumilia ucheleweshaji kidogo.