Tathmini ya Chrony: mtunza saa wa Linux kwa ofisi na maduka ya Tanga

Umeme ukikatika Ngamiani saa 10 jioni ukarudi saa 1 usiku, kompyuta ya dukani huwaka kabla ruta haijashika mtandao. Ikiwa betri ndogo ya madabodi (ubao mkuu wa kompyuta) imeshakufa, Linux huamka ikiamini kwamba bado ni mwaka juzi, na kila kinachotegemea tarehe kinagoma. Kivinjari kinazikataa tovuti salama kwa madai kwamba vyeti vyake havijaanza kutumika. Namba za siri za tarakimu 6 zinazobadilika kila sekunde 30 hazikubaliki. Mauzo ya jioni ile yanaingia kwenye hifadhidata yakiwa na tarehe iliyokwisha kupita, na mhasibu atayatafuta mwezi mzima asiyaone.

Kazi ya kuzuia hayo ni ya huduma inayokaa nyuma ya pazia na kulinganisha saa ya mashine na seva za muda kupitia itifaki ya NTP, yaani kanuni ambazo kompyuta hufuata kuulizana saa mtandaoni. Tunayoipima hapa ni Chrony, iliyoanzishwa na Richard Curnow na ambayo sasa inatunzwa na Miroslav Lichvar wa kampuni ya Red Hat. Ni ya bure, chini ya leseni ya GPL toleo la 2. Ina sehemu mbili: `chronyd`, ndiyo huduma yenyewe, na `chronyc`, chombo cha kuiuliza hali yake. Tunaipa nyota 4 kati ya 5. Kwa mazingira ya Tanga hatuoni ya kuipita, ila mipangilio inayokuja nayo haimfai kila mtu, na ikishindwa kazi hushindwa kimya kimya.

Washindani wake ni wawili. `systemd-timesyncd` ni nyepesi na tayari imo katika mashine nyingi, lakini husikiliza seva moja tu kwa wakati mmoja. Seva hiyo ikidanganya, nayo inadanganyika. `ntpd` ya zamani ni ya kuheshimika, ila ilitungwa kwa ajili ya mashine zinazowaka mwaka mzima na mtandao usiokatika. Ikikuta tofauti ya zaidi ya sekunde 1000 hujifunga yenyewe, isipokuwa uiwashe kwa `-g`. Chrony inaijua hali ya mtandao wa kwenda na kurudi: hukumbuka kwenye faili kasi ambayo kioo cha saa ya mashine (kipande cha fuwele kinachotoa mapigo yake) hukimbia au kuchelewa, na intaneti ikipotea huendelea kurekebisha kwa kumbukumbu hiyo. Red Hat iliiondoa kabisa `ntpd` katika toleo la 8 la Linux yake na kubaki na Chrony, na Ubuntu 25.10 nayo imeifanya Chrony kuwa chaguo la kwanza.

Kumbukumbu hiyo ina thamani kuliko inavyodhaniwa. Saa inayochelewa kwa sehemu 20 katika milioni hupoteza sekunde 1.7 kwa siku, yaani kama sekunde 12 kwa wiki. Joto nalo hubadilisha mwendo wa kioo: seva iliyofungiwa kabatini bila feni wakati wa kaskazi haitembei sawa na ilivyotembea wakati wa kusi. Angalia mstari wa `Frequency` katika amri ya `chronyc tracking` asubuhi na alasiri, utaona namba inahama. Kuhama kidogo si ugonjwa, ndiyo kazi yenyewe ya Chrony.

Kwenye Debian na Ubuntu faili la mipangilio ni `/etc/chrony/chrony.conf` na huduma inaitwa `chrony`. Kwenye Fedora na jamii ya Red Hat ni `/etc/chrony.conf`, na huduma ni `chronyd`. Tofauti hii ndogo hupotezea mafundi muda mwingi, kwa sababu ukihariri faili la mahali pasipo pake hakuna anayekulalamikia. Kwa ofisi ya kawaida mistari hii inatosha:

```
pool africa.pool.ntp.org iburst maxsources 4
driftfile /var/lib/chrony/drift
makestep 1 3
rtcsync
```

Mstari wa `driftfile`, unaotaja faili la ile kumbukumbu ya kasi, uache kama ulivyoukuta kwenye mfumo wako. Debian hulipa faili hilo jina la `chrony.drift`. `iburst` hutuma maombi kadhaa ya haraka mwanzoni ili saa ipatikane ndani ya sekunde chache badala ya dakika. `rtcsync` huiambia kiini cha Linux inakili saa sahihi kwenye saa ya madabodi kila baada ya dakika 11, na kwa mji ambao umeme hukatika bila hodi mstari huu usiufute kamwe.

Kwa nini seva 4? Ukiwa na moja, huna wa kuilinganisha naye. Ukiwa na mbili zikapingana, Chrony haiwezi kujua mkweli ni yupi, na itaandika kwenye kumbukumbu za matukio (log) `Can't synchronise: no majority`. Tatu zinamfichua mwongo mmoja. Ya nne ni ya akiba pale mojawapo inapopotea. Kanda ya nchi, `tz.pool.ntp.org`, ikikurudishia seva moja au mbili tu, rudi kwenye ya Afrika.

Wapo wanaoizima huduma hii ili kuokoa bando. Hesabu haiwaungi mkono. Pakiti ya NTP pamoja na vichwa vyake ni baiti 76, kwenda na kurudi 152. Hata Chrony ikiuliza kila sekunde 64 bila kupumzika, seva moja hula kama KB 205 kwa siku, na seva nne hazifiki MB 1. Saa ikishatulia, Chrony yenyewe hurefusha nafasi hadi sekunde 1024, na matumizi ya zote nne hushuka hadi kama KB 51. Picha moja ya WhatsApp inaweza kuzidi hapo.

Sasa tuseme saa imekataa kwenda sawa. Kabla ya kugusa faili lolote, pima ukubwa wa kosa, kwa sababu ukubwa wenyewe husema mengi. Kosa likiwa ni masaa 3 kamili, tatizo haliko kwenye mtandao. Tanzania iko masaa 3 mbele ya UTC (saa ya pamoja ya dunia), na mashine yenye Windows na Linux pamoja huwa na ugomvi: Windows huandika saa ya hapa kwenye madabodi, Linux huisoma kana kwamba ni UTC, kisha huongeza masaa 3 juu yake. Weka `timedatectl set-local-rtc 0` na `timedatectl set-timezone Africa/Dar_es_Salaam`, halafu ielekeze Windows nayo itumie UTC. Kosa likiwa ni la miezi au miaka, na hurudi kila umeme unapokatika, badili betri ya CR2032 ya volti 3. Kompyuta zilizotumika zinazouzwa madukani mara nyingi hufika na betri iliyokwisha, na hakuna mpangilio wa Chrony unaoweza kuiponya. Raspberry Pi za kabla ya Pi 5 hazina saa ya madabodi kabisa. Kwa hizo washa `chronyd` kwa `-s`, ianze na tarehe ambayo faili la drift liliandikwa mara ya mwisho, ili angalau mashine isirudi nyuma sana.

(Kwa anayesoma kumbukumbu za seva kwa mara ya kwanza: saa 6 mchana ya Tanga huandikwa 12:00 kwenye skrini ya hapa na 09:00 kwenye UTC. Kazi ya nakala rudufu iliyopangwa 00:00 UTC itafanyika saa 9 usiku. Hapo saa haijaharibika, ni kusoma tu.)

Kosa lisipokuwa la aina hizo, uliza kwanza ni nani anayeishika saa. `systemctl status chronyd systemd-timesyncd ntp` ikionyesha wawili wako hai, zima mmoja; watasukumana, kila mmoja akirekebisha marekebisho ya mwenzake. Ukipata `506 Cannot talk to daemon`, huduma haijawaka. Kisha endesha `chronyc sources` utazame alama ya pili ya kila mstari na safu ya `Reach`. Nyota ndiyo seva iliyochaguliwa. Jumlisha ni ile inayosaidiana nayo. `x` ni ile ambayo Chrony imeihukumu kuwa ni mwongo, na alama ya kuuliza ni isiyojibu au ambayo bado haijaaminika. `Reach` husomwa kwa mfumo wa nane: 377 maana yake majibu ya maombi 8 ya mwisho yote yamefika, na 0 maana yake hakuna hata moja.

`Reach` ikibaki 0, chukua `sudo chronyc ntpdata`. Kama `Total TX` inapanda na `Total RX` imeganda kwenye 0, maombi yanatoka lakini majibu hayarudi: njia ya UDP 123, ambayo NTP huipitia, imezibwa mahali fulani, kwenye ukuta-moto wenu au kwa mtoa huduma. Ijaribu kwa laini ya simu ya kampuni nyingine kabla ya kumlaumu yeyote. Kama orodha ya `sources` haina seva hata moja, majina hayakutafsiriwa kuwa anwani. Hili hutokea sana pale mashine inapoiwahi ruta kuwaka. Chrony hujaribu tena, ila majaribio huzidi kuachana; `chronyc refresh` huilazimisha ijaribu papo hapo.

Kuna hali inayowachanganya hata wazoefu: seva zote zina 377, nyota ipo, na bado saa ya ukutani haifanani na ya kompyuta. Hapo soma mstari wa `System time` kwenye `tracking`. Chrony haipendi kuirusha saa. Huikokota polepole ili programu zisione muda ukiruka. `makestep 1 3` inairuhusu irushe tofauti ya zaidi ya sekunde 1 katika marekebisho 3 ya kwanza tu. Laptopu iliyolala, au mashine pepe (kompyuta ya kuigiza ndani ya nyingine) iliyosimamishwa kisha ikaendelea, huwa imekwisha kupita hayo matatu. Mwendo wa juu kabisa wa kukokota, kwa mpangilio wa kawaida, ni sekunde 1 katika kila 12, hivyo kosa la masaa 3 litachukua si chini ya masaa 36. `sudo chronyc makestep` hulimaliza mara moja. Kwa laptopu na mashine pepe andika `makestep 1 -1` na usahau. Kwa seva ya hifadhidata usifanye hivyo: saa ikirudi nyuma ghafla katikati ya kazi, mpangilio wa miamala huvurugika. Huko acha 3, na ukilazimika kurusha, simamisha hifadhidata kwanza.

Intaneti ya simu ina ila yake. NTP hudhani kwamba kwenda na kurudi huchukua muda sawa. Kamera za ulinzi zikiwa zinapakia video na kuijaza njia ya kutoka, ombi linaweza kuchukua milisekunde 400 na jibu 50. Saa itakosea kwa nusu ya tofauti, yaani 175. Chrony huyapa uzito mdogo majibu yaliyochelewa, na kwa hilo inawazidi wenzake, lakini njia ikijaa kutwa nzima haina muujiza. Dawa ni kuipunguza kasi ya kamera kwenye ruta.

Nyota tuliyoinyima ni kwa sababu ya ulinzi wa NTS ulioletwa na toleo 4.0 mwaka 2020. Wazo ni zuri: `server time.cloudflare.com iburst nts` huthibitisha kwamba majibu hayakuchezewa njiani, kwa funguo zinazopatikana kupitia TCP 4460. Lakini ili kuthibitisha cheti unahitaji tarehe sahihi, na ili kupata tarehe sahihi unahitaji cheti kikubalike. Mashine yenye betri mbovu itazunguka humo humo, nayo `tracking` itasema tu `Not synchronised` bila kukueleza kiini. Njia ya kutokea ni `nocerttimecheck 1`, inayoruka ukaguzi wa tarehe kabla ya rekebisho la kwanza. Inapunguza ulinzi kidogo. Kubadili betri ni bora zaidi.

Ndani ya kontena (kifungashio cha programu kinachoazima kiini cha mashine inayokibeba) Chrony hufa na ujumbe wa `adjtimex` ukiishia na `Operation not permitted`. Si hitilafu: saa ni ya mashine mama, irekebishe huko.

Kwa shule au ofisi yenye kompyuta 20, seva moja iulize nje na nyingine zote ziiulize hiyo. Ongeza `allow 192.168.1.0/24` kwa kufuata anwani zenu, fungua UDP 123 kwenye ukuta-moto, na weka `local stratum 10` ili intaneti ikikatika mashine ziendelee kukubaliana zenyewe kwa zenyewe.

Na ghala la mkonge lisilo na mtandao kabisa? Kipokezi cha GPS cha USB pamoja na `gpsd`, programu inayokisoma, iliyowashwa kwa `-n`, kisha `refclock SHM 0 refid GPS` kwenye faili la mipangilio. Antena itoke nje ya paa la bati, la sivyo haitaona setilaiti. Ujumbe wa USB hufika umechelewa kwa sehemu ya sekunde, kiasi kinachotofautiana kipokezi kwa kipokezi, hivyo siku ya kufunga nenda na modemu: weka `noselect` kwenye mstari huo ili kipokezi kipimwe tu bila kuchaguliwa, acha Chrony ifuate seva za intaneti kwa saa moja, soma safu ya `Offset` katika `chronyc sourcestats`, iandike kama `offset` hadi tofauti ikaribie sifuri, kisha toa `noselect` na uondoke na modemu yako.