Uzoefu Wangu na Kingamwili ya PD-1 ya Panya, Kloni 29F.1A12

Nimeitumia kingamwili hii, inayotambua protini ya PD-1 iliyo juu ya seli za kinga, kwa miezi minane katika maabara yetu ndogo hapa Mbeya, na ninawaandikia wenzangu wa Nyanda za Juu Kusini wanaofikiria kuiagiza, kwa kuwa karatasi inayokuja na chupa haigusi yale yanayomsumbua mtu aliye zaidi ya kilomita 800 kutoka Dar es Salaam. Niliyonunua ni mikrogramu 100 zilizounganishwa na rangi ya fikoerithrini, ambayo sisi maabara huiita PE tu. Imetengenezwa kutokana na panya wakubwa, nayo hutambua PD-1 ya panya wadogo. Kiswahili chetu huwaita wote panya, na jambo hilo liliwahi kumchanganya mwanafunzi wetu mmoja alipokuwa akichagua kingamwili ya kulinganishia. Inayohitajika ni isotaipu, yaani kingamwili ya aina ileile isiyolenga PD-1: IgG2a ya panya mkubwa yenye rangi hiyo hiyo ya PE.

Mzigo wa kwanza ulifika kwa basi usiku, na pakiti za barafu zilikuwa zimeyeyuka tangu njiani. Kipimajoto nilichotumbukiza ndani ya boksi kilisoma nyuzi 17. Nilikasirika, lakini sikuitupa, kwa kuwa kingamwili ya aina hii huvumilia saa kadhaa za joto la kawaida kuliko inavyovumilia kugandishwa. Somo hilo tulilipata kwa gharama kubwa zaidi mwezi uliofuata, pale mwenzetu, kwa nia njema kabisa, alipoihamishia chupa ya pili kwenye frizeri umeme uliporejea. PE ni protini, na ikiganda huharibika. Chupa ile ilibaki na waridi lake zuri machoni, ila kwenye saitometa, mashine inayopima mwanga wa kila seli, mwanga wake ulikuwa umefifia kiasi kwamba seli zenye PD-1 na zisizo nayo zilisimama mahali pamoja. Tangu hapo kila chupa tunaifunga kwa karatasi ya alumini dhidi ya mwanga, na juu yake tunaandika kwa kalamu nene: FRIJI, NYUZI 2 HADI 8, USIGANDISHE.

Ile ya kwanza, iliyosafiri na joto, ilifanya kazi vizuri. Niliijaribu kwa seli za bandama za panya wadogo weusi wa aina ya C57BL/6, nusu nikiziacha zilivyo na nusu nikiziamsha kwa kingamwili za CD3 na CD28 kwa saa 48. Seli T zisizoamshwa huwa na PD-1 kidogo sana, kwa hiyo anayepima hizo peke yake atadhani ameuziwa maji. Kwa zilizoamshwa, kilima kizima kwenye grafu kilihamia kulia, mbali na cha isotaipu. PE hung'aa sana chini ya leza ya buluu ya nanomita 488, na hiyo ndiyo sababu ya kuipendelea kwa protini ambayo mara nyingi huwa haba juu ya seli. Hata hivyo, ni lazima kuziba kwanza vipokezi vya Fc, vinavyonasa mkia wa kingamwili, kwa kingamwili ya CD16/CD32, na kuweka rangi ya kutenga seli zilizokufa, kwani maiti hizo hunasa kila kitu na kukudanganya.

Karatasi ya muuzaji ilipendekeza mikrogramu 1 kwa kila seli milioni 1. Sikuikubali kabla ya kupima mwenyewe: nilianza na 1, nikashuka 0.5, 0.25, 0.125 hadi 0.06. Kwenye 1, seli zisizo na PD-1 nazo zilianza kupanda, kwenye 0.06, seli zilizoamshwa zilikuwa hazijashiba. Utengano bora ulikuwa 0.25, na kwa hesabu hiyo chupa iliyokuwa itoshe sampuli 100 inatosha 400. Kwa bajeti zetu, tofauti hiyo si ndogo. Kabla ya kuchota, zungusheni tyubu kidogo kwenye sentrifuji, maana safari ya Kitonga huacha matone mengi kwenye kifuniko.

Mambo mawili ya tahadhari. Kloni hii, yaani kingamwili hii ya 29F.1A12, huziba mahali pale PD-L1, protini mwenza wa PD-1, inapojishikiza, kwa hiyo panya aliyekwisha kutibiwa kwa kingamwili ya kuzuia PD-1 anaweza kuonekana hana PD-1 ilhali imefunikwa tu. Kwa wanyama wa namna hiyo ninatumia kloni nyingine, RMP1-30, ambayo haizuii muungano huo. Pia haifai kwa damu ya wagonjwa, kwani imekusudiwa PD-1 ya panya, ingawa swali hilo nimeulizwa zaidi ya mara moja.

Oda ijayo nimeomba ije kwa ndege hadi Songwe, na nitaifuata mwenyewe uwanjani nikiwa na boksi la barafu.