Dirisha lenye wavu au lisilo na wavu: mimea ya ndani ipate mwanga wapi?

Hapa Dar es Salaam karibu kila dirisha lina wavu wa mbu, na mimea yetu huishi nyuma yake. Nyuzi za wavu wa kawaida huziba karibu theluthi ya uwazi wa dirisha. Jicho haligundui kwa sababu hujirekebisha lenyewe. Mmea hauna ujanja huo.

Mrehani ndio unaosema ukweli mapema. Ukiwa kwenye dirisha tupu linalopata jua kwa muda wa saa sita kila siku, huwa mfupi, wenye majani mengi yaliyobanana. Nyuma ya wavu shina hurefuka na kuinamia nje, na nafasi kati ya jani na jani hupanuka. Pilipili nazo huchanua kidogo. Ila sansevieria, ule mmea wa majani marefu magumu kama upanga, haijali, na mimea ya ndani aina ya feni (fern) hufurahia, maana wavu huikingia jua kali la mchana linalounguza majani.

Kinachoumiza zaidi ni vumbi. Pitisha kitambaa chenye maji kwenye wavu wa dirisha la barabarani uone kinavyotoka cheusi! Matundu yaliyoziba hula mwanga kuliko nyuzi zenyewe.

Pamoja na hayo, sitamshauri mtu aung'oe. Malaria ipo. Mimi ningeosha wavu kila mwezi, nikasogeza chungu cha mrehani hadi kwenye kizingiti cha dirisha, na pilipili nikazitoa barazani kabisa.