Datsun 240Z au Ford Capri?

Mjomba alikuwa na Datsun 240Z ya rangi ya chungwa, pale Chumbageni, Tanga. Ndiyo aliyoingia nayo kwenye mbio za ridhaa. Ukiniuliza leo kati ya hiyo na Ford Capri, nachukua Datsun. Injini ya silinda 6, lita 2.4, kabureta 2 za kuchanganya petroli na hewa. Mjomba aliweka bomba la mpira sikioni, akasikiliza kila kabureta inavyovuta hewa mpaka zilingane. Kila gurudumu lina springi yake na linapanda na kushuka peke yake. Capri nyuma imekalia springi za vyuma bapa, kona yenye mabonde inarukaruka. Si bure 240Z ilishinda Safari Rally mwaka 1971 na 1973.

Capri inabeba watu 4, hilo nakubali. Ila chumvi ya bahari haikuihurumia Datsun yetu: sakafu ililika mpaka ukaiona lami.